Kwa Debora, Usiyeamini Sifa

Debora mwanangu,

Usishtuke na mwandiko. Ni wangu. Umeuzoea kwenye vikaratasi vya jikoni tu: mayai trei mbili, nyanya, gesi imeisha. Leo nimenunua kalamu mpya na karatasi zenye mistari kama mtu anayeomba kazi serikalini, nimekaa mezani, na wewe na mama yako mmeenda kunyoa nywele za shule. Najua foleni ya pale kwa kinyozi siku moja kabla ya shule kufunguliwa. Nina muda.

Mambo ya ndoo, sabuni, kufuli la tranka na usimwazime mtu taulo, mama yako ameshasema, na kesho atayasema tena mpaka ile treni ya umeme ijifungie milango yake. Treni yenyewe siiamini. Mlango unaojifunga bila mtu, unajuaje kama umeona mguu wangu? Lakini hayo yaache. Mimi nina jambo moja, na siku mbili hizi nalizungukia kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jumanne jioni nilikuwa nyuma ya mlango wa uani, nimeshika kikombe cha chai. Ulikuwa unaosha vyombo. Mama yako akakwambia mwalimu mkuu amekusifu, amesema katika wasichana wote wa darasa lako hakuna aliyekupita kwa hesabu. Ukajibu bila hata kuinua kichwa:

"Anataka nini yule?"

Mama yako akacheka. Na mimi nikacheka kimoyomoyo, nikasema huyo ndiye binti yangu, hadanganyiki. Halafu ukasema kwa sauti ya chini:

"Mama, kule bweni Dodoma nitakaa muhula mmoja. Wakishagundua walikosea kunichagua, nitarudi. Kwa hiyo huyu mdogo wangu Samweli asihamie kitandani kwangu."

Mama yako hakucheka tena. Mimi chai ilipoa mkononi. Maana lile neno, anataka nini yule, si lako. Ni langu. Nilikufundisha mimi, na nilikufundisha kwa bidii kuliko nilivyokufundisha kusali.

Sasa nisikilize. Nianze na kujisifu kidogo, nisipojisifu utadhani barua imeandikwa na mtu mwingine. Baba yako nimeishia kidato cha pili, lakini pale kambi ya watalii Mikumi, wageni wa Kihispania wakifika, meneja mwenye digrii yake ndiye ananitafuta mimi. "Yona, hebu njoo, huyu mama anasema nini?" Nami natoka jikoni na aproni yangu, nafuta mikono taratibu ili wanione vizuri, natafsiri. Kihispania sikukisomea. Nimekiokota kwenye sahani chafu. Na maneno ya kwanza niliyookota yalikuwa ya sifa, kwa sababu wale watu hawana maneno mengine. Ukileta chai, mui bien, yaani vizuri sana. Ukivunja glasi, mui bien, usijali. Wa Kiingereza ndio hao hao, ukimpa uma anasema amazing. Uma, Debora. Uma wa kawaida.

Nikaanza kuwashuku. Siku moja nikatia chumvi kwenye mayai mara mbili ya kipimo, makusudi, nikasimama pembeni niwaangalie. Mama mmoja akaweka mdomoni, macho yakamlegea, akanywa maji glasi nzima, kisha akanigeukia akatabasamu: "Mui riko, Yona, mui riko." Yaani tamu sana. Nikarudi jikoni nikawaambia wenzangu, mnaona? Sifa za hawa watu hazijaonjwa. Zinamwagwa tu. Nilijiona mwanasayansi.

Unaweza kuuliza kwa nini mtu mzima anatesa wageni kwa chumvi. Ni kwa sababu mimi sikuzoea kusifiwa bure. Babu yako kule mlimani hajawahi kumwambia mtoto yeyote umefanya vizuri. Ukilima mstari wako ukanyooka, anakuja, anautazama kutoka mwanzo hadi mwisho, hasemi kitu, anakuonyesha mstari unaofuata kwa kidole. Ukilima vibaya anakunyang'anya jembe. Kwa hiyo sisi tuliokua kwake tulijua: tukiongezewa kazi, tumeshinda. Ndugu yangu mmoja alifika miaka ishirini ndipo akatambua kuwa kuna nyumba ambazo mtu akifanya vizuri anapumzika.

Halafu nikafika sekondari, mwalimu mmoja akawa ananisifu. Yona hodari, Yona ana mgongo wa chuma. Kila Ijumaa Yona hodari alikuwa porini anakata kuni wakati wenzake wako darasani na hesabu. Mtihani wa kidato cha pili ukanitapika. Miaka yote nimewaambia watu kwamba zile sifa ndizo zilizonitoa shule, na nawe nimekusimulia hivyo mara nyingi. Leo nikwambie na kipande ambacho sijawahi kukisimulia: hakuna aliyenilazimisha. Mwalimu aliuliza nani anaenda, na mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, kwa sababu nilipenda kuni kuliko aljebra. Kuni nilikuwa naziweza. Hicho kipande nilikificha, kwa sababu bila hicho hadithi inakuwa tamu zaidi.

Basi na akili hiyo ndiyo nikakukuta wewe, una miaka tisa, umeanza kwenda Jumamosi kwenye darasa la kusoma pale ukumbi wa kanisa, Chanzuru. Kwa Mwalimu Pilar, yule mama wa Kihispania mwenye miwani ya kamba, na Mwalimu Semeni wetu wa hapahapa. Ukarudi na kikaratasi cha kijani. Upande mmoja Kihispania, upande mwingine Kiingereza, vyote viwili vinasema umefanya vizuri. Jumamosi iliyofuata, kingine. Ukavibandika ukutani kwa uji wa muhogo, mpaka ukuta wa chumba chenu ukawa kama ofisi ya kijiji wakati wa uchaguzi. Nikirudi kutoka Mikumi unanivuta mkono.

"Shikamoo baba, njoo uone."

"Marahaba. Huyu mama anasifu kila mtu hivi?"

"Kila mtu anapata chake. Anasema neno zuri ukilisikia kwa lugha mbili linakaa."

"Linakaa wapi?"

Ukagusa kifua. Nikaguna.

Nikampelekea Masanja shauri. Unamjua Masanja wa Tindiga, yule Msukuma wa ng'ombe anayetuletea maziwa, mtu asiyecheka mpaka aambiwe ni zamu yake. Nikamwambia kuna mzungu anamsifu mwanangu kila wiki kwa lugha mbili. Akafikiri, akasema:

"Mnadani, Yona, mimi nikitaka ng'ombe simsifu. Namwita mkonda, namwita kilema, nasema ana kikohozi. Anayemsifu ni mwenye kuuza. Sasa huyo mama anauza nini?"

Sikulala vizuri na swali hilo. Mtu anayemsifu mtoto wangu kila Jumamosi anauza nini? Au ananunua nini? Pale stendi kila mtu alikuwa na jibu lake. Watakuchukua. Watakupiga picha waiuze kwao. Utasahau lugha yako, badala ya shikamoo utatuamkia kwa "hi". Mimi mwenye ushahidi wa chumvi nikasema hapana, ngoja nipime.

Unakumbuka. Najua unakumbuka, ila upande mmoja tu. Nilichukua daftari lako la insha usiku wa Ijumaa, nikachana ile uliyoandika juu ya mvuvi wa kambare wa bwawani, nikaandika yangu. Kwa mkono wa kushoto, nimekaa juu ya debe. Mistari sita, haina nukta, haina maana, herufi zimelala kama walevi. Jumamosi ukaipeleka bila kujua. Ukarudi na daftari likiwa na mui bien na very good, wino mwekundu, na nyota.

Sikukwambia kitu. Nilisubiri ule mkutano wa wazazi wa mwisho wa mwezi, kazi zenu zimetundikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Nikanyoosha mkono kama zamani za kuni.

"Mwalimu Pilar, shikamoo."

"Marahaba, Baba Debora."

"Hii kazi umeandika nzuri sana, kwa lugha mbili. Ni nzuri kweli?"

Akaitazama.

"Maana hii nimeandika mimi. Kwa mkono wa kushoto, nimekaa juu ya debe."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mama Zuhura wa mashine ya kusaga akasema, "Basi na Baba Debora naye apewe nyota yake abandike kifuani," wakacheka tena, na mimi nikainama kama mchekeshaji. Mwalimu Semeni peke yake hakucheka. Mwalimu Pilar akasema kwa kile Kiswahili chake cha kutembea polepole, "Nilijua si yake."

"Mbona ukasifu?"

Akakutazama wewe, akanitazama mimi. "Tutaongea baadaye, Baba Debora."

Nikawageukia watu. "Mnaona? Hana jibu."

Nilishinda. Mpaka Mikumi walisikia. Wewe ulikuwa benchi la tatu, na hukulia, ndiyo maana sikushtuka. Uliangalia tu ile kamba, kazi moja baada ya nyingine, za wenzako na zako, kama mtu aliyeambiwa kwamba kwenye gunia la mchele mna mawe, sasa hajui aanzie wapi. Jumapili nilikuta ukuta wa chumba chenu umekwanguliwa. Umebaki na madoa ya uji. Mama yako aliniuliza, "Umefurahi?" Nikamwambia mtoto amepata akili.

Hiyo ndiyo akili uliyopata: toka siku ile hujanionyesha daftari. Ukisifiwa kwa gauni unaangalia kama limechanika. Siku moja nilijaribu, nikala ugali wako nikasema mui bien, mwanangu, very good. Ukaniuliza, "Baba, unataka nini? Maji ya kuoga?" Ubaya ni kwamba kweli nilitaka maji ya kuoga.

Na ile baadaye ya Mwalimu Pilar sikuiendea kamwe. Mwaka uliofuata akarudi kwao. Nikasema mnaona, kakimbia.

Sasa mwezi uliopita, majina ya waliochaguliwa yalipotoka, nilikutana na Mwalimu Semeni sokoni Kilosa anachagua dagaa. Nikamwamkia. Akaitikia, akaendelea kuchambua dagaa, kisha akasema bila kunitazama:

"Unajua wiki ile ya insha yako tulidhani nini?"

"Mlidhani nini, mwalimu?"

"Tulidhani mtoto ameanza kupigwa. Juma moja anaandika vizuri, juma linalofuata mkono unatetemeka, maneno hayaeleweki. Pilar alisema huu si mwandiko wake, na kama ni wake basi kuna kitu nyumbani. Akasema tumsifu, asije akaogopa akaacha kuja kabla hatujajua."

"Apigwe na nani?"

Ndipo akanitazama. "Na wewe, Yona. Nani mwingine?"

Nikaanza kuchambua dagaa naye, na wewe unajua mimi sikosi la kusema. Akaniambia hata kule mkutanoni mama yule angeweza kunijibu mbele ya wote, akanyamaza ili nisiaibike. Alikuwa ananishuku mimi kama nilivyomshuku yeye. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa bado anachunguza, na mimi nilishafunga kesi.

Sikuandikii ili uache kushuku watu. Shuku. Mimi mpaka kesho nashuku mlango wa treni, nashuku na lile tangazo la shule lenye wasichana wote wanacheka, kwani hakuna aliyekuwa na njaa siku hiyo? Dunia ina watu wanaosifu mgongo wako wapate kuni. Lakini kosa langu halikuwa kushuku, Debora. Lilikuwa kushuku nusu. Nilisikia nilichotaka kusikia, nikanyanyuka nikaondoka. Yule mama wa chumvi sikuwahi kumuuliza. Labda aliona kijana amesimama pembeni anamtazama kwa hofu, akaogopa nitafukuzwa kazi. Sijui. Sikuchunguza.

Na wewe unataka kufanya hilohilo. Muhula mmoja, halafu urudi, na uhakika wako mfukoni kwamba walikosea.

Nikajiuliza nifanye nini. Nikikusifu mimi, hutaniamini, na una haki. Kwa hiyo Jumatano, ulipokwenda kwa shangazi yako, nilichukua daftari lako la hesabu la darasa la saba. Ndiyo, tena. Safari hii sikuchana kitu. Nililifunika kwa gazeti jina lisionekane, nikapanda bodaboda mpaka Kilosa mjini kwa mzee mmoja mstaafu, Mwalimu Lazaro, ambaye hatujui na hatumjui, ila sifa yake mji mzima ni kwamba hajawahi kumpa mtoto mia kwa mia kwa sababu anasema mia ni ya Mungu. Nikaenda kama Masanja mnadani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Kuna mtoto wa jirani anaringa na hesabu. Nataka makosa yake, nimnyamazishe."

"Unamchukia?"

"Sana."

Akavaa miwani. Mzee alilisoma daftari lote, Debora, mimi nimekaa kwenye kigoda nahesabu kunguru. Alifurahia kazi ya kutafuta makosa, nilimwona. Mwisho akaniambia ameyapata mawili. La kwanza, ukimaliza hesabu za vipimo unasahau kuandika kama ni sentimita au mita. La pili, saba yako inafanana na moja, weka mkia. Hayo nakuandikia hapa uyarekebishe, maana mzee alikasirika nayo kweli.

Nikamuuliza, "Mengine?"

"Mengine hakuna. Huyo mtoto yuko wapi?"

"Anaondoka kesho kutwa, anaenda bweni."

"Mwambie likizo aje nimfundishe ya kidato cha pili."

Nikashtuka, nikamuuliza lile swali letu: wewe unataka nini? Hakukasirika. Alifungua ukurasa akanigeuzia nione. Mimi wa kidato cha pili nilikodoa macho sikuelewa, ikabidi anieleze kama mtoto. Akasema hapa mtoto amepata jibu, mwalimu wake ametia vema, imekwisha. Kumbe alikuwa amekosea mara mbili ndani, makosa mawili yakafutana, jibu likatoka sahihi kwa bahati. Mwalimu wake hakuyaona. Mtoto ameyaona mwenyewe.

"Miaka yangu yote," mzee akasema, "wameniletea madaftari ya kudai vema waliyonyimwa. Sijaona anayeikataa aliyopewa."

Nililichukua daftari nikaondoka bila kumwambia wewe ni wangu. Nimefika njiani nikaona nimekosea, nikamrudisha bodaboda, nikamwambia. Akasema alijua, hakuna mtu anayemchukia mtoto wa jirani kwa kumfunikia daftari vizuri namna ile.

Kwa hiyo, mama, hivi ndivyo ninavyoomba. Unasema walikosea kukuchagua. Sawa, huenda. Basi lichunguze hilo mpaka mwisho, miaka yote minne, usilifunge kwa muhula mmoja kama baba yako. Ukikuta kweli walikosea, njoo na ushahidi, nitakupokea pale stesheni. Na kila ukifunga shule niletee madaftari. Nitayapeleka kwa mzee Lazaro, na mengine nitajaribu mwenyewe, nicheke ukitaka. Palipo pabaya nitakwambia. Palipo pazuri sitasema mui bien wala very good, maana hayo nimeyaharibu mimi mwenyewe. Nitakuandikia kwa Kiswahili, mara moja, na nitataja daftari na ukurasa, ili uende ukahakikishe.

Nasikia sauti zenu njiani, mama yako anakucheka kichwa. Naandika la kwanza haraka.

Daftari la hesabu, ukurasa wa kumi na saba, chini ya vema ya mwalimu. Umeandika "nimebahatisha," ukaanza upya, ukakosea, ukaanza tena, ya tatu ikatoka. Hakuna aliyekuwa anakuangalia. Pale umefanya vizuri.

Baba yako,
Yona